Nguchiro Aliyesomeshwa na Kiboko

— Mpo?
— Tupo.
— Na masikio je?
— Tumekuja nayo.
— Ninayo ya kweli na ninayo ya uongo. Niwape ipi?
— Changanya, tutachambua wenyewe.

Basi palikuwa na mto, jina lake Mlowoka. Ulitoka kwenye chemchemi kilimani, ukashuka bondeni, ukaishia ziwani. Katikati yake palikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa alikaa Kiboko. Akiingia majini, pwaa. Akijigeuza, bubu bubu bubu, tope linapanda. Akila, ukingo mzima unabaki upara.

Walioishi chini ya bwawa ndio walioteseka. Maji yaliwafikia mekundu, mazito kama uji. Huko chini waliishi Nguchiro na mama yake. Nguchiro alikuwa na digrii ya kwanza ya sheria, lakini digrii ile haikusafisha hata kata moja ya maji. Kila asubuhi mama yake alichimba mchangani apate ya kunywa, na mwaka ule tumbo lilimlaza siku kumi.

Siku moja Kiboko akatangaza, "Nataka kumsomesha mtu digrii ya pili, sheria ya mazingira. Chakula juu yangu, vitabu juu yangu."

Wanyama wakafurahi, wakasema Kiboko ameokoka. Nguchiro akasimama kwa miguu miwili, akanusa, fnyu fnyu fnyu. Akasema moyoni, "Hapa pana kitu."

Akaenda bwawani, chapu chapu chapu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kusoma?"

"Nimekuja kuuliza. Wewe unayachafua maji. Mbona unataka mtu asomee kuyalinda?"

Kiboko akacheka, maji yakatikisika. "Nimezeeka. Nataka kuacha jina zuri. Nenda Chuo cha Miamba, ujichagulie kozi mwenyewe. Ila chagua ile ya mwaka mmoja, ya vibali na hati. Ukirudi, utaniandikia hati kwamba bwawa hili ni langu. Basi, hilo tu."

Nguchiro akanusa, fnyu fnyu fnyu. "Kumbe kitu chenyewe ni hicho," akasema moyoni. Lakini kwa mdomo akasema, "Asante, mzee."

Akapanda mpaka Chuo cha Miamba. Msajili wa chuo alikuwa Mama Kanga, mwenye madoadoa na haraka zake.

"Kozi zipo tatu," alisema Mama Kanga. "Ya kwanza ni ya mwaka mmoja, darasani tu. Utafundishwa vibali na hati, nani apewe nini. Ya pili unasomea nyumbani, sisi tunakutumia vitabu, unamaliza ukijaliwa. Ya tatu ni miaka miwili, na tasnifu juu. Hiyo wengi wanaikimbia."

"Kwa nini wanaikimbia?"

"Inachosha. Haifundishi nani apewe nini. Inafundisha aliyepewa anadaiwa wajibu gani."

Nguchiro akainua kichwa. "Mama, rudia hapo."

"Mwenye msitu anawajibika kwa moto wa msitu. Mwenye mto anawajibika kwa tope la mto. Kurasa mia nne, mwanangu, ni hayohayo tu. Nikuandikie ya mwaka mmoja?"

"Niandikie ya miaka miwili."

"Na mfadhili wako atakubali?"

"Huyo niachie mimi."

Nguchiro akaketi, akamwandikia Kiboko barua fupi. "Mzee wangu, kozi ya mwaka mmoja inatoa hati ya bwawa tu. Kozi ya miaka miwili inatoa hati ya mto mzima, kutoka chemchemi hadi ziwani. Chagua wewe."

Kiboko alisomewa barua na Yangeyange, ndege mweupe aliyependa kukaa mgongoni mwake. Aliposikia "mto mzima", hakuuliza la pili. "Mwambie akae hiyo miaka miwili. Hata mitatu akitaka."

Lakini Kiboko naye hakuwa mtu wa kuamini watu. Kila mwezi alimtuma Yangeyange chuoni kuchungulia. Yangeyange anatua dirishani, tu. Nguchiro anamwona kwa pembe ya jicho, anafunua ukurasa wa mbele, anasoma kwa sauti, "Mwenye mto ni mmoja, na mto wote ni wake." Yangeyange anaruka, anapeleka habari. Akishapotea, Nguchiro anafunua ukurasa wa nyuma na kusoma kimyakimya.

Mwezi mwingine tena. Yangeyange anatua, tu. Ukurasa wa mbele. Yangeyange purrr. Ukurasa wa nyuma. Ikawa hivyo miaka miwili. Nguchiro akakonda kwa tasnifu, macho yakamwingia ndani. Mara mbili aliletewa habari kwamba mama yake ameugua tena. Mara mbili alifunga mzigo, na mara mbili akaufungua. Alijua akirudi na nusu ya kozi atakuwa amemsomea Kiboko.

Siku ya kurudi ikafika. Kiboko aliita wanyama wote wa bonde, na juu ya wote akaita kundi la Tembo, wenye nguvu kumshinda, wawe mashahidi. Alitaka hati yake isije ikabishwa na mtu.

Nguchiro akasimama juu ya jiwe, akasoma. "Mto Mlowoka, kutoka chemchemi hadi ziwani, ni wa Kiboko peke yake."

Wanyama wakanung'unika. Mama Nguchiro alimtazama mwanawe kama asiyemjua. Nguchiro alimwona, akaendelea.

"Samaki je?" aliuliza Kiboko.

"Wako."

"Na matete?"

"Yako."

"Na tope?"

"Unataka niandike na tope, mzee?"

"Andika. Sitaki mtu anibakizie kitu."

"Tope lote ni la Kiboko," akaandika Nguchiro. "Weka mguu."

Kiboko akapaka mguu masizi, akaukanyaga kwenye hati, pwaa. Tembo wakaitikia, "Tumeshuhudia."

Ndipo Nguchiro akageuza karatasi, akasoma upande wa pili. "Mwenye mto atautunza. Tope lake lililoziba maji ya wengine atalitoa mwenyewe. Na asiingie majini mpaka limalizike."

Tembo mkubwa kuliko wote akauliza taratibu, "Bwana Kiboko, wewe ndiye mwenye mto?"

Kiboko akatazama hati. Akatazama pembe za Tembo. "Ni mimi," akasema.

"Basi anza."

Akaanza. Akazoa tope kwa mdomo akiwa ukingoni, akapanda nalo juu, gudu gudu gudu, akatema, twaa. Akarudi. Siku ya kwanza akajitutumua. Siku ya pili jua lilimchoma, ngozi ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Siku ya tatu akapiga magoti mbele ya Nguchiro.

"Umenidanganya, mwanangu."

"Sikukudanganya, mzee. Ulitaka mto wote, nikakuandikia mto wote."

Kiboko akahema. "Mto si wangu."

"Sema Tembo wasikie."

"Mto si wangu. Bwawa si langu. Tope nalo si langu. Nipeni sehemu ya kulowesha mgongo, inatosha."

Nguchiro akaandika hati ya pili: mto ni wa wote, Kiboko abaki kwenye kona ya chini, karibu na ziwa, asipande juu. Kiboko akaweka mguu, Tembo wakashuhudia. Baada ya wiki moja maji ya bondeni yakawa meupe. Mama Nguchiro akayateka kwa mikono miwili, akanywa, akayateka tena.

Ila Ngedere, ambaye ni mtu wa kuchunguza mambo, aliona mstari mdogo chini kabisa ya hati ya pili.

"Huu nao unasemaje?"

"Ni maneno ya kisheria tu," alijibu Nguchiro, akakunja karatasi.

Sisi tuliousoma baadaye tunajua ulivyosema: "Mwandishi wa hati hii na mama yake watakunywa kwanza." Ndiyo maana hata leo, amka mapema unavyotaka, ukifika mtoni utakuta nyayo ndogo zimekwisha kupita.

— Funzo lake?
— Tupe.
— Msisome kozi ndefu, zinawatesa wafadhili. Na mkubwa akikupa kitu cha bure, pokea, usinuse.
— Hilo umelichanganya na uongo.
— Mlisema mtachambua wenyewe. Mimi mdomo nimeufunga, ufunguo naondoka nao.