Breki ya Jina Moja

Hapo zamani, umeme ulipokuwa bado mgeni katika milima ya Upare, palikuwa na karakana ya mbao yenye msumeno mmoja wa duara. Mwenye karakana aliitwa Mbonea Mrutu. Wengi walimwita Boni, lakini jina lake ni Mbonea, nasi tutamwita hivyo.

Msumeno ule ulikuwa na tabia mbaya. Ukizimwa, haukusimama. Uliendelea kuzunguka, meno yake hayaonekani, na aliyepeleka mkono kuondoa kipande cha ubao aliupeleka hatarini. Kwa hiyo waliutilia breki: gogo dogo lililovikwa ngozi, lililokandamiza puli, gurudumu linalouzungusha msumeno, mara swichi ilipozimwa.

Lakini ngozi huisha. Kila ilipopungua, gogo liligusa puli kidogo tu, na msumeno ukachelewa kusimama. Mafundi wakajiwekea desturi ya kupima muda huo. Ukizima, taja jina lako kwa sauti, ndipo upeleke mkono. Ngozi ikiwa mpya, jina lako lilitosha. Ikipungua, uliongeza la baba. Ikipungua zaidi, uliongeza la babu. Aliyefika kwa babu alimwita Hatibu Mmbaga, mzee wa kutunza mitambo, naye akabadilisha ngozi.

Aghalabu Hatibu hakungoja kuitwa. Hakuwa mtu wa kutulia. Alizunguka akitega sikio, akinusa, akigusa puli kwa mgongo wa kidole, akiuliza, "Leo mmefika kwa nani?" Wakimjibu kwamba wamefika kwa baba, alikwenda, akarudi, akauliza tena.

Fundi hodari kuliko wote pale alikuwa mwanamke, Nakijwa wa Kiondo wa Mchome. Alipozima msumeno na kutaja majina hayo matatu, hata waliokuwa nje walijua kwamba ngozi imechoka.

Ndipo akaja Elinazi Mshana, fundi wa mitambo. Aliitazama breki ile, akasema si haki mtu kutegemea babu yake aliyekufa ili abaki na vidole. Nyuma ya ngozi akaweka kabari ya chuma. Ngozi ilipopungua, kabari ilishuka yenyewe ikaziba pengo, na gogo likakandamiza vilevile. Ngozi nene, ngozi nyembamba, msumeno ulisimama kwa jina moja. Ncha ya kabari aliipaka rangi nyekundu, na ubavuni mwa breki akatoboa kidirisha. Akawaambia: siku mtakapoona nyekundu hapa, badilisheni ngozi, maana ikiisha hakuna kitakachoshika.

Watu wakafurahi. Majina ya baba na babu hayakusikika tena pale karakanani.

Lakini unga wa mbao uliingia kwenye kidirisha, na mara mbili kabari ikakwama. Mbonea akaogopa. Akakifunika kidirisha kwa bati, akaligongelea misumari. Kabari haikukwama tena. Na kwa kuwa breki ilijiangalia yenyewe, akamhamishia Hatibu kwenye tanuri la kukaushia mbao.

Siku moja Hatibu alipita na kuni begani, akasimama. Akanusa. Akasema anasikia harufu ya ngozi inayoungua.

"Mzee Hatibu," Nakijwa akamwambia, "wewe hata uji uliopoa unausikia ukiungua."

Karakana nzima ikacheka. Hatibu alisimama kidogo, akahamisha kuni kutoka bega hili hadi lile, akaenda zake. Hakurudi kuuliza.

Kesho yake Nakijwa alizima msumeno, akasema "Nakijwa", akapeleka mkono. Ngozi ilikuwa imekwisha. Msumeno ulikuwa bado unazunguka. Mkono wa kulia ukabaki na dole gumba tu.

Karakana ile ilikuwa na sheria yake. Aliyemsababishia mwenzake kupoteza kiungo aliacha kazi yake akawa kiungo hicho. Akiambiwa shika, anashika. Akiambiwa piga, anapiga, mpaka mmoja wao afe. Jeraha lilipofunga, Nakijwa akaja kudai mkono wake. Alikuwa na madawati ya shule hajayamaliza, na watoto walikuwa wakiandikia magotini.

Mbonea alishauri wapokezane kazi hiyo wote watatu, yeye, Elinazi na Hatibu. Nakijwa akakataa.

"Nilikuwa na mkono mmoja wa kulia," alisema. "Mkinipa mitatu itabishana kila nikitaka kupiga msumari."

Elinazi akasema, "Dada, breki yangu haikudhoofika hata siku moja. Ilishika mpaka ngozi ya mwisho, na dirisha niliwaachia."

"Ile ya zamani ilipochoka iliniambia," Nakijwa akamjibu. "Yako ilichoka ikanyamaza."

Mbonea akasema, "Bila bati langu kabari ingekwama, nawe ungeumia mapema zaidi."

"Na kwa bati lako sikuweza kuiona nyekundu."

Hatibu alikuwa hajakaa. Alikwenda mlangoni, akarudi. "Mimi nilinusa, nikasema."

"Ulisema mara moja, mzee wangu. Siku zote ulikuwa ukisema mpaka tunachoka. Kwa nini siku ile ulisema mara moja?"

"Kwa sababu ulinicheka, mwanangu."

Chini ya kanga ya Nakijwa, mkono uliofungwa kitambaa ulikuwa ukijikunjakunja kama unaotafuta patasi. Nakijwa akainuka.

"Kesho asubuhi nataka mkono wangu kazini," akasema. "Mmoja. Chagueni wenyewe."

Akaondoka, wakabaki wale watatu. Elinazi akienda, breki zote alizoanza kutengeneza katika karakana nyingine za milimani hazitakuwa na wa kuzimaliza. Mbonea akienda, karakana itafungwa. Hatibu akienda, miaka iliyombakia yote ni ya Nakijwa. Na msumeno upo pale mezani, hakuna anayethubutu kuuwasha.

Sasa nyinyi mliosikiliza, asubuhi haiko mbali. Yupo aliyeifanya breki isidhoofike, yupo aliyelifunika dirisha, yupo aliyenusa akaenda zake. Naye aliyeumia ndiye aliyecheka. Je, nani awe mkono wa Nakijwa wa Kiondo wa Mchome?