Gari la Mhina Lisilokuwa na Stata

Mteremko wa kwenu haukufuati ugenini. Ndiyo, hivyo hivyo alivyosema shangazi yenu jana alipokuwa anamuaga Shabani na begi lake, nanyi mkacheka mkidhani anazungumzia barabara. Haya, kaeni. Na wewe sogea kidogo, unanikalia mguu wenye jipu. Neno hili si la wahenga wa kale sana. Limezaliwa hapa hapa Lushoto, kwa watu niliokula nao sahani moja, na lilizaliwa hivi.

Alikuwepo bwana mmoja akiitwa Mhina, mchuuzi wa kabichi na matunda damu. Mtu mwema, ila kichwa kigumu kama kisiki cha mvule. Alikuwa na gari dogo la kijani, kuukuu, milango miwili inafunguka na miwili haifunguki, na alilipenda gari lile kuliko mtu anavyopenda mboga aliyoipika mwenyewe. Miaka hiyo magari huku milimani ungeyahesabu kwa vidole, na bodaboda zilikuwa hazijazaliwa.

Basi siku moja Mhina akashuka Tanga, akarudi na mabomba ya moshi yaliyofunguliwa kwenye gari la mashindano. Mabomba manne, yametoka kwenye injini kila moja peke yake, yanapindapinda halafu yanakutana chini kama vidole kwenye kiganja. Akayapeleka kwa fundi Singano. "Nifungie haya. Nataka gari lingurume mpaka Soni kule chini wajue Mhina anakuja."

Singano akatoa spana zake. Akahangaika siku tatu. Tatizo ni hili: stata, kile kimota kinachoizungusha injini ukigeuza ufunguo, kilikaa chini ubavuni, na bomba la pili lilitaka kupita pale pale. Akikiingiza kimota, bomba halikai. Akilifunga bomba, kimota hakiingii. Mara moja alivibana vyote viwili kwa nguvu, injini ilipopata moto waya za stata zikaanza kunuka.

"Bwana Mhina," akasema, "kuna njia mbili. Nilibonyeze bomba kidogo kwa nyundo, au tuagize stata ndogo kutoka Tanga, niweke na bati katikati izuie joto. Wiki mbili hivi."

"Nyundo kwenye bomba langu? Utaniharibia mlio."

"Basi subiri wiki mbili."

Mhina akaangalia nje. Barabara ya pale kwa fundi inaporomoka mpaka sokoni, mnaijua. Akacheka. "Singano, wewe umezaliwa wapi? Hapa kwetu gari linajiwasha lenyewe. Itoe hiyo stata, tundu lake lizibe kwa bati. Mimi naegesha mlimani, naachia breki, natia gia ya pili, naachia klachi. Kwisha."

"Na ukienda tambarare?"

"Tambarare nikafanye nini? Nikauze kabichi kwa mbuyu?"

Na kweli, miezi mitano gari likawaka kwa mteremko tu. Mhina akalala, akaamka, akaachia breki, ngrrr! Kuku wakapanda miti. Mwalimu wa madrasa akawa anasimamisha somo mpaka gari lipite. Watu wakimtania, "Mhina, stata yako ni mlima," naye anaitikia, "Na mlima hauchakai, ndugu yangu."

Mwezi wa sita, mama yake, Bi Mboni, akaanguka. Kifua. Mganga wa zahanati akasema moyo umechoka. Bi Mboni alikuwa na watoto wawili tu, huyo Mhina na bintiye Zaina, aliyeolewa huko chini, kwenye kambi moja ya mkonge kabla hujafika Korogwe. Miaka minne hawajaonana. Usiku wa Jumanne mama akamshika mwanawe mkono akamwambia, "Sitaki dawa tena. Niletee Zaina nimwone."

"Kesho, mama. Kabla ya adhuhuri yuko hapa."

Alfajiri, baada ya sala, Mhina akaachia breki. Alishuka ile milima kama maji. Saa tatu yuko kambini.

Sasa, nyinyi hamjaoa bado, lakini mtajua. Kwa wakwe huchukui mtu kama unavyochukua debe. Unaingia, unakaa, unaamkia, unaomba. Mhina alilijua hilo, na alijua pia kwamba asizime gari. Akaliacha linanguruma uani, akaingia, akapiga magoti mbele ya mzee Kibwana, baba mkwe wa Zaina.

"Shikamoo, baba."

"Nini?"

"Shikamoo! Nimekuja kumwomba Zaina, mama anaumwa!"

"Nani anachunwa?"

Kuta zilikuwa zinatetemeka, vikombe vinalia kabatini. Mzee akainua mkono. "Mwanangu, kazime kitu chako tusikilizane. Hapa ni kwa watu."

Angefanyaje? Amkatalie baba mkwe nyumbani kwake, naye amekuja kuomba? Alitoka, akasimama mbele ya gari lake muda kidogo, halafu akazima. Kimya kikaingia mpaka masikio yakamuuma. Akaomba, akapewa ruhusa kwa maneno mazuri na uji wa pilipili manga. Zaina analia, anafunga nguo kwenye khanga.

Wakatoka. Mhina akaangalia mbele, akaangalia nyuma. Mkonge, mchanga, mkonge. Nchi imelala kama mkeka. Hakuna hata kichuguu.

Wanaume wote walikuwa shambani wanakata mkonge. Uani palikuwa na mzee Kibwana na fimbo yake, na wanawake wanne, wawili wao wajawazito. Wakasukuma. Magurudumu yakazama mchangani. Wakachimba, wakatia matawi, wakasukuma tena. Gari likakohoa mara moja, likanyamaza.

Mama mmoja, jirani, akafuta jasho akasema, "Lilipokuja lilikuwa simba. Sasa simba anasukumwa na wajawazito!" Wakacheka. Mhina hakucheka.

Saa nne likasikika basi. Lilikuwa moja tu kwa siku, linatoka Korogwe kupanda Lushoto. Likasimama barabarani, hatua hamsini tu kutoka pale. Kondakta akatoa kichwa. "Lushoto! Lushoto! Mwenye gari, panda! Chuma hakiliwi na fisi, utarudi kukichukua!"

Zaina alikuwa ameshabeba mzigo wake. "Kaka, twende."

"Na gari?"

"Kaka, mama anaumwa."

"Najua mama anaumwa, mimi ndiye niliyemwacha kitandani! Basi hili linasimama kila kijiji, linapakia mpaka mbuzi. Watakata mkonge wamalize, watanisukuma, nitalipita hata kabla ya Mombo, mlima haujaanza. Mimi, Mhina, nirudi kwetu nimening'inia mlangoni mwa basi? Watu watasema nini?"

"Basi mimi niende nalo."

"Umepewa ruhusa ya kwenda na mimi. Umesahau uko kwa wakwe? Weka mzigo."

Zaina alimwangalia. Alikuwa mdogo wake, na tangu baba yao afe, Mhina ndiye aliyemlea. Akauweka mzigo chini. Kondakta akapiga bodi ya basi makofi mawili, basi likaondoka na vumbi lake.

Wakata mkonge walirudi saa nane, mikono imechubuka, wakala kwanza, maana mtu mwenye njaa hasukumi. Walipokuja walikuwa kumi na wawili. Wakalibeba gari, siwaambii uongo, wakalibeba mpaka kwenye lami, wakasukuma, likanguruma. Mhina akapiga honi kwa furaha. Zaina aliupakata mzigo wake kutoka pale mpaka juu.

Walipopinda kona ya mwisho ilikuwa saa kumi na moja, jua bado lipo. Wakawaona watu wanashuka njia ya makaburini. Majembe mabegani. Vijana wanne wamebeba jeneza tupu. Gari lile likawa linanguruma katikati ya watu wale mpaka shehe akaziba masikio.

Mama yao mdogo akaja dirishani. "Saa nane," akasema. "Tukamzika alasiri. Maiti haisubiri, mwanangu."

Zaina akashuka. "Alisema nini?"

"Alikuwa na nguvu bado, saa saba, basi lilipopiga honi pale chini. Akafumbua macho akasema, 'Mpokeeni Zaina mzigo.' Tukashuka. Tukangoja mpaka mtu wa mwisho. Tukarudi tukamwambia hayumo. Akageukia ukutani."

Mhina akafungua mdomo. "Zaina, mimi nilidhani..."

"Usiniambie ulichodhani." Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Umezoea hapa, ukiachia breki kila kitu kinakwenda. Ukadhani dunia nzima iko hivyo. Mteremko wa kwenu haukufuati ugenini, kaka."

Akashika njia ya makaburini peke yake. Mhina alibaki ameshika usukani. Zaina alikaa matanga, akawapa mkono watu wote, kaka yake alimpa wa kushoto. Alirudi kwa mumewe na hakupanda tena mlima huu mpaka Mhina naye alipokufa, na hata hapo alikuja siku ya tatu.

Aliyelieneza neno lile si yeye. Ni Mhina mwenyewe. Akiona kijana anaondoka hapa anaringia jina la baba yake, au watu wanaomwamkia njiani, au mlango anaofunguliwa kabla hajabisha, Mhina alikuwa anamfuata mpaka kituoni na kumwambia polepole, kama mtu anayetapika kitu kichungu. Shangazi yenu alilisikia kwake. Na jana, Shabani alipokuwa anasema huko Dar hatapata shida kwa kuwa kila mtu hapa anamjua, mlisikia alichojibiwa. Sasa chekeni, kama mnaweza.

Mteremko wa kwenu haukufuati ugenini.