Mtama wa Sechelela

"Mtama mchungu haulindwi." Mmeisikia methali hii leo kisimani, mnauliza imetoka wapi. Chanzo chake ni hapa hapa Ugogo, kwa mjane aliyeitwa Sechelela.

Mumewe alipofariki, shemeji yake Chilongani alilitaka shamba. Wazee wakaamua mjane alime msimu mmoja. Akivuna chakula cha kumfikisha mavuno mengine, shamba ni lake. Akishindwa, ni la Chilongani. Uamuzi ulionekana wa haki, lakini adui wa mtama ni ndege. Wenye watoto huwapandisha kwenye dungu, jukwaa la kulindia shamba, warushe mawe kwa teo kutwa nzima. Sechelela hakuwa na mtoto, wala mali ya kumlipa mlinzi.

Akapanda mtama mwekundu, ule mchungu ambao watu walikuwa wameuacha, kwa kuwa hauliki mpaka punje zilowekwe katika maji ya majivu. Chilongani alipopita, aliuliza dungu liko wapi.

"Sijajenga, shemeji."

"Basi umewaandalia ndege karamu. Hata mkeka umewatandikia."

"Waache waje waonje."

Mtama ulipokaribia kukomaa, ndege aina ya kwelea wakaja kama wingu. Watoto walirusha mawe na kupiga kelele hadi sauti zikawakauka. Ndege wakifukuzwa shamba hili, walitua la pili. Kwa Sechelela pia walitua. Wakadonoa kidogo, wakaondoka. Mtama mweupe ulikuwa jirani, kwa nini wale uchungu?

Siku ya mavuno wazee walikuta mashamba ya mabua matupu, na katikati yake shamba moja jekundu, masuke yameinama kwa uzito. Wakauliza nani alililinda.

"Hakuna," alisema Sechelela. "Ningekuwa na watoto wa kulinda, ningepanda mweupe kama ninyi, na leo ningelala njaa kama ninyi."

Chilongani alikohoa, akaangalia chini.

"Shemeji, nitakuomba mbegu."

"Mbegu utapata. Shamba la marehemu usilitaje tena."

Wazee wakacheka, naye Chilongani akacheka kwa shida. Kisha mkubwa wao akavunja suke moja, akatafuna punje, akakunja uso. Akamkabidhi Sechelela suke lile mbele ya watu wote, ishara kwamba shamba ni lake, na hukumu yake ikawa fupi:

"Mtama mchungu haulindwi."