Pole na Mvua

Alikuwepo baba mmoja, mwenyeji wa milimani, huko ambako migomba haijui kiangazi na kijito kinapita nyuma ya jikoni. Baba huyu alikuwa anamwoza binti yake. Wakwe walikuwa wanatoka mbali, nchi ya tambarare, wafugaji watu wazito wenye heshima zao. Akawa halali usiku. Wakiona kwetu ni ovyo, alijisemea, si watamdharau mwanangu huko aendako?

Basi akafyeka uwanja, akakodi mahema na viti, akashona suti. Hata kanisani kwao alisimama akaomba waumini wamwombee jambo moja tu: Jumamosi ile mvua isinyeshe.

Wapendwa, ilinyesha! Ilianza wakwe wanashuka kwenye gari. Hema likajaa maji katikati kama tumbo la ng'ombe, viti vikazama kwenye tope, wapishi wakawa wanakimbizana na sufuria za pilau. Yule baba akatoka mbio na mwavuli, uso umemshuka kwa aibu.

"Poleni na mvua, wakwe zangu. Poleni sana. Tuwieni radhi."

Mama wa bwana harusi akasimama, akamtazama.

"Pole ya nini, mzazi mwenzangu?"

"Si hii mvua, mama. Imetuharibia shughuli."

Yule mama akavua viatu, akatoka chini ya mwavuli, akasimama katikati ya uwanja na kitenge chake kipya, uso juu, mikono wazi. Wanawake aliokuja nao wakamfuata huku wanapiga vigelegele. Baba wa watu akachanganyikiwa.

"Mama, rudi ndani, utaugua!"

"Kwetu msimu uliopita haikunyesha hata ya kulaza vumbi," yule mama akasema, na sasa alikuwa analia. "Ng'ombe tuliwainua kwa mikono wapate kusimama. Leo nimeletwa mahali inapomwagwa bure, halafu unanipa pole? Mwite binti yako aje hapa nje. Aje aiage. Tunakompeleka hataiona kila siku."

Bibi harusi akatoka na shela lake. Akasimama kando ya mama mkwe wake, akaloa chapachapa, akaanza kucheka kama mtoto.

Ndipo moyo wa yule baba ulipochomwa. Alimfundisha binti huyu kusalimia, akamsomesha, akamfundisha kulima na kusali. Kuishukuru mvua hakuwahi kumfundisha hata siku moja. Angemfundishaje, na yeye mwenyewe hakuwahi kuishukuru? Akaukunja mwavuli. Akaingia mvuani na suti yake, akamshika mwanawe mkono, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema, "Mungu wangu, asante kwa maji haya." Pilau waliila baridi, na hakuna mkwe aliyelalamika.

Sasa tuseme ukweli. Asubuhi hii pale mlangoni mmesalimianaje? Nimewasikia! "Pole na mvua, mama fulani." "Tumeshapoa." Hebu niambieni, neno pole tunampa nani? Tunampa mfiwa. Tunampa mgonjwa. Na mvua, inayotulisha sisi na mifugo yetu, tumeiweka fungu moja na homa na msiba! Jua likiwaka, pole na jua. Upepo ukivuma, pole na upepo. Mungu afanye nini ndipo sisi tuache kupeana pole?

Siwaambii mkalale nje. Nasema tufumbue macho tungali na mvua. Kile kijito nyuma ya jikoni mwako kuna mtu angekipigia magoti, na wewe unakiruka tu kwenda shambani.

Kwa hiyo leo, jirani akibisha hodi nguo zimemganda mwilini, mpe kanga ajifute, mpe chai ya moto. Pole usimpe. Mwambie, "Hongera, umenyeshewa."