Nani Amwongoze Mghoi?

Hapo zamani, na msikilize vizuri kwa sababu jibu nitalitaka kwenu, kulikuwa na bibi mmoja katika milima ya Taita, jina lake Mghoi. Ndui ilimpofusha akiwa bado msichana. Aliishi na mwanawe Mwadime, na Wakesho mke wa Mwadime, na mbwa jike aliyeitwa Tunu.

Tunu ndiye aliyekuwa macho yake. Mghoi alimshika shingoni, wakateremka mtoni. Alimshika shingoni, wakapanda kurudi. Tunu akisimama, Mghoi naye husimama, maana mbele pana shimo au nyoka.

Mwaka huo mvua ilizidi. Nyasi zikafika kiunoni, na kupe wakajaa kila mahali. Kila asubuhi Wakesho alimlaza Tunu uani, akamtoa kupe masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Naye Mwadime kila wiki alipoteremsha ng'ombe joshoni, alimchukua Tunu akaogeshwa dawa. Mbwa akawa salama.

Kisha Wakesho akajifungua. Viroboto wa Tunu wakahamia kwenye matandiko ya mtoto.

"Mama, mtoto amevimba mwili mzima, halali," Wakesho alisema. "Mbwa akalale zizini."

Tunu akalala zizini, pamoja na ng'ombe na kupe wao. Wakesho hakumgusa tena, asije akamletea mtoto wadudu.

Siku ya josho ilipofika, Mwadime alikuwa na haraka. Magugu yalikuwa yanalimeza shamba la mahindi. Tunu alitembea polepole, Mwadime akamwacha. "Wiki ijayo," alisema. Wiki iliyofuata akasema vilevile.

Na Mghoi? Mghoi alijua. Kila alipomshika Tunu shingoni, vidole vyake vilikutana na kupe walioshiba, wanene kama mbegu za mbarika. Aling'oa aliowaweza. Lakini hakusema neno. Aliwaza, "Nikilalamika, watasema mbwa huyu amekuwa mzigo. Watamwondoa kabisa, nami nitabaki na nani?"

Tunu akaanza kukataa uji. Ufizi wake ukawa mweupe, miguu ikamtetemeka. Bado kila asubuhi alikuja mlangoni kumngoja bibi yake.

Siku moja, katikati ya njia ya mtoni, Tunu alisimama, kisha akalala chini. Mghoi naye akasimama. Alidhani pana nyoka.

"Taratibu, mama," alimnong'oneza Tunu. "Tutangoja aondoke."

Akangoja. Jua likampanda kichwani, akangoja. Alisikia wanawake wakicheka kule mtoni, hakuwaita, asimshtue nyoka. Mwishowe akainama kumpapasa Tunu. Shingo ilikuwa imekauka kama ukuni.

Wanawake walimkuta amekaa njiani, amempakata mbwa.

Wanakijiji wakakutana, wakaamua hivi: aliyesababisha kifo cha Tunu ndiye atakayeshika nafasi yake, amwongoze Mghoi kila aendako mpaka siku ya kumzika.

Mwadime akasema, "Mimi nilikuwa nalima chakula ambacho sote tunakila, mbwa pia. Mke wangu ndiye aliyemfukuza ndani na kumtupa kwa kupe."

Wakesho akasema, "Mimi nilikuwa namlinda mtoto wangu. Mikono yangu ilikuwa na kazi moja tu. Dawa ilikuwa joshoni, na njia ya joshoni anaijua mume wangu."

Hapo Mghoi akainua uso. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Waacheni wanangu. Wao hawakujua amefikia wapi. Mimi nilijua. Nilimshika kila siku, nikanyamaza kwa sababu nilitaka abaki wangu. Aliyemuua ni mimi."

Watu wakaanza kuulizana. Ikiwa kosa ni la Wakesho, nani atamnyonyesha mtoto wakati yeye yuko njiani? Ikiwa ni la Mwadime, nani atalima? Na ikiwa ni la Mghoi mwenyewe, basi hana wa kumwongoza, atakaa mlangoni pake akisikia mto kwa mbali mpaka afe.

Mkutano ulivunjika bila uamuzi. Kesho yake asubuhi Mghoi alitoka peke yake, akinyoosha mikono mbele, na wale wawili wakamtazama kutoka mlangoni, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: je, nani alistahili kumshika mkono?