Bi Pimbi Achagua Mtaa wa Kulala

— Hadithi inabisha hodi!
— Karibu ndani!
— Ina mzigo kichwani!
— Itue!
— Na leo ilale wapi?
— Masikioni mwetu!

Basi sogeeni karibu, na aliyekalia mguu wa mwenzake auachie.

Hapo kale wanyama walikuwa na mji mkubwa uitwao Makutano. Njia zote za porini ziliishia huko, na kila mwenye shida alikwenda huko kuitatua. Mji ulikuwa na mitaa yake. Kulikuwa na Migombani, kivuli tupu na majani makavu chini. Kulikuwa na Kichuguuni, pakavu, pasafi, hapana mbu. Kulikuwa na Majabalini, mawe juu ya kilima wala hapana mtu aliyepataka. Na kando ya mto palikuwa Matopeni, na jina lenyewe linatosha.

Siku moja akaingia mjini Bi Pimbi, mkeka kwapani. Pimbi mnamjua: mnyama mdogo, hana mkia, makazi yake kwenye nyufa za mawe. Mtu akitaka kumdharau mwenzake humwita pimbi. Huyu wetu alikuwa na jino bovu. Shavu lilikuwa limevimba, hata jani laini lilimtoa machozi. Kwao walimwambia kwamba Makutano yuko mganga wa meno aitwaye Korongo, mwenye mdomo mrefu unaoingia kinywani mwa mgonjwa na kutoka na jino, nyap. Ila Korongo hang'oi siku ya kwanza. Hutia dawa siku saba, uvimbe ushuke, ndipo ang'oe.

Kwa hiyo Bi Pimbi alihitaji mahali pa kulala siku hizo zote, na njia nzima alikuwa akijiuliza afikie mtaa gani. Alitaka pakavu, kwa sababu unyevu ulimchoma jino. Alitaka pasiwe mbali na kwa Korongo. Na alitaka alale asikanyagwe.

Pale penye kuingilia mji akamkuta Kiboko. Kiboko hakuna aliyemchagua kuwa mkubwa wa mji. Alikuwa mnene tu, basi, na akifungua kinywa wenzake hunyamaza. Alikuwa amejiwekea sheria yake: kila mgeni alale Matopeni, na kila asubuhi amletee mzigo wa nyasi kabla ya kwenda kwenye shughuli zake. Bi Pimbi akauliza kwa adabu kama hakuna mtaa mwingine. Kiboko hakumtazama hata.

"Mgeni hapangi," akasema. "Mgeni anapangiwa na mimi."

Akalala Matopeni. Wageni walikuwa wamebanana humo, wakubwa juu ya wadogo, tope hadi masikioni, mbu nzzz, nzzz. Kulipokucha shavu lake lilikuwa limevimba mara mbili. Korongo alimchungulia, akatikisa kichwa, akamwambia waziwazi kwamba dawa yake na tope haviwezi kukaa kinywa kimoja. Akiendelea kulala kule, usaha utapanda sikioni, na pimbi aliyepandwa na usaha sikioni, yeye Korongo hajawahi kumwona akirudi kwao.

Bi Pimbi akarudi moja kwa moja kwa Kiboko. Alikuwa anaogopa. Lakini alikwenda.

"Bwana Kiboko, leo silali Matopeni. Nina macho yangu na miguu yangu. Nitachagua mwenyewe."

Kiboko akacheka, tumbo likamtikisika, bwata bwata bwata. Akamwambia aende basi, tuone pimbi atapokewa na nani.

Akaenda Migombani. Huko alimkuta Kanga, yule ndege mwenye madoadoa, amelalia mayai yake saba. Kanga hakumuuliza maswali mengi. Alimwonyesha mahali penye majani makavu, akamwambia asijali kelele zake za asubuhi. Bi Pimbi akalala kama mtoto. Alipoamka uvimbe ulikuwa umeshuka, na kwa furaha, bila kufikiri, akaimba:

*Nimelala pakavu, pakavu,*
*Nimelala nilipopataka.*

Wimbo ukafika mtoni. Sasa Kiboko maisha yake yote alikuwa amelala topeni na hakuwahi kulalamika. Lakini kusikia kwamba pimbi amelala vizuri kuliko yeye, hilo hakuliweza. Akatoka majini, gudu, gudu, gudu, hadi Migombani.

"Hapa sasa pangu," akasema. "Tokeni."

Wakatoka. Mtaa mzima ukahamia Matopeni. Kanga alibeba mayai yake moja moja chini ya bawa, akienda na kurudi, hadi la saba.

Bi Pimbi akaenda Kichuguuni. Safari hii hakuimba. Alifunga kinywa, akatembea ameinamisha kichwa kama aliyelala vibaya. Lakini Kiboko alimfuata kwa Korongo, akalitazama shavu lake, akaona limenywea. Shavu likamsaliti. Gudu, gudu, gudu, hadi Kichuguuni.

"Hapa sasa pangu. Tokeni."

Wakatoka. Na msidhani Kiboko alilala kote kuwili. Mwili wake ni mmoja. Asubuhi alijilaza huku, mchana akahamia kule, na katikati alizunguka akilinda mtu asije akajipenyeza. Mitaa miwili mizima ilikuwa mitupu, na wenyewe wako topeni.

Bi Pimbi akamkuta Kanga pembeni ya tope, amekunja mabawa juu ya mayai.

"Dada Pimbi, mimi sikulaumu," Kanga akasema. "Lakini yamepoa. Tangu juzi nayalalia, hayapati joto. Yakikaa hivi siku mbili nyingine, sina watoto."

Bi Pimbi akagusa yai moja. Lilikuwa baridi kama kokoto ya mtoni. Akaona haya, maana aliyeimba ni yeye. Wengine wakamshauri aende akamwombe Kiboko msamaha, alale topeni kama wageni wote, labda mkubwa atapoa. Aliwasikiliza. Kadiri walivyosema, ile haya ikamtoka kidogo kidogo, na hasira ikaingia mahali pake.

"Kuchagua sikukosea," akawaambia. "Nilikosea kumwonyesha pazuri. Sasa nitamwonyesha pengine."

Jioni ile akapita mji mzima akitangaza kwamba anahamia Majabalini, na alipofika karibu na Kiboko alitangaza mara mbili. Waliosikia walidhani jino limefika kwenye ubongo. Juu kule hakuna kivuli wala nyasi. Lakini nani anayejua mawe kama pimbi? Nyayo zake hunata kwenye jabali. Akapanda tiki tiki tiki, akatafuta ufa uliopenya jabali upande hadi upande, akaingia.

Kulipopambazuka akakaa mlangoni pa ufa, akaimba, na sasa aliimba kwa makusudi, kwa sauti yote aliyokuwa nayo.

*Nimelala pakavu, pakavu,*
*Nimelala nilipopataka.*

Gudu, gudu, gudu. Kisha kilima kikaanza, na ikawa kwaruu, kwaruu, kwaruu. Kiboko alifika juu ulimi nje, macho mekundu.

"Hapa sasa pangu. Toka."

Bi Pimbi hakutoka. Alisimama katikati ya mlango, na kivuli cha Kiboko kilimfunika mwili mzima. "Hapo uliposimama chukua," akamjibu. "Uzuri uko ndani, na ndani sikupi."

"Ndani kuna nini?"

"Kuna baridi tamu. Ila nafasi ni ya mmoja, na huyo mmoja si wewe. Huingii humu."

Kiboko tangu azaliwe hakuwahi kuambiwa haingii mahali. Akainamisha kichwa, akajisukuma. Bi Pimbi akapita katikati ya miguu yake, akazunguka hadi upande wa pili wa ufa, akachungulia.

"Umefika?" akauliza.

"Bado. Sioni uzuri wowote."

"Sogea mbele kidogo."

Akasogea. Kichwa kikapita, mabega yakapita kwa kukwaruzika, tumbo likafika, tii. Likakaa. Akajaribu mbele, halisogei. Akajaribu nyuma, halirudi. Na jua ndilo kwanza linachomoza.

Mji mzima ukapanda kutazama. Upande mmoja wa jabali walikuta makalio, upande wa pili wakakuta kichwa. Saa nne ngozi ya Kiboko ilianza kupasuka kwa ukavu, na ile sauti yake nene ikawa nyembamba. Akaomba maji.

"Maji utapata," Bi Pimbi akamwambia. "Kwanza sema, mgeni analala wapi?"

Kiboko akajisukuma tena, bure. Jua likazidi.

"Anapotaka," akasema.

"Waliosimama nyuma hawakusikia."

"Mgeni analala anapotaka."

"Na Migombani ni pa nani? Na Kichuguuni?"

"Pa wenyewe," Kiboko akasema, na jabali likaisambaza sauti yake hadi mtoni.

Kanga hakungoja mengine. Alikuwa ameshafika nusu ya kilima akiyakimbilia mayai yake, ayarudishe Migombani.

Bi Pimbi alitimiza ahadi. Maji yakaletwa kwa vibuyu siku tatu, na waliomwagia ni walewale waliofukuzwa. Wengine walimmwagia taratibu, wengine walimmwagia huku wakimsema, na yote aliyasikia kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Siku ya tatu tumbo likanywea, akachomoka pwachu, akabiringika kilima kizima hadi mtoni, chubwi. Toka siku hiyo mchana kutwa yumo majini, ametoa pua tu.

Lakini hadithi haijaisha, msinyanyuke. Wenyeji wakafanya mkutano. Wakafurahi, wakala, wakafikia uamuzi. Ngiri, aliyekuwa msemaji wao, akapanda Majabalini na wenzake, uso wa bashasha.

"Dada Pimbi, kwa heshima yako, Majabalini sasa ni mtaa wa pimbi. Tumepafagia. Wewe na wa kwenu wote mkija, mtalala huku. Tumekupangia."

"Umesemaje hapo mwisho?"

"Tumekupangia."

Bi Pimbi akamtazama Ngiri, akawatazama na wengine nyuma yake, wote wanatabasamu, wote wanamtakia mema. Hakugombana nao. Aliinua mkeka wake, akapita katikati yao, akashuka kilima hadi Migombani, akautandika karibu na Kanga. Na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Siku mbili baadaye mayai matano yalianguliwa. Mawili hayakuamka, na Kanga aliyalilia. Dawa ilipomaliza siku zake, Korongo akang'oa jino, nyap, na Bi Pimbi akashika njia ya kwao.

Na funzo la hadithi hii, jamaa zangu, ni hili: ukienda mji mkubwa, usichague mtaa. Lala utakapowekwa, hata kama tope linakuingia puani, toa shukrani, na asubuhi usiimbe kabisa. Asiyekubali funzo hili akamuulize Kiboko, ila angoje atoe kichwa.

Yangu yamekwisha, koo limenikauka. Mwenye maji anipe, mwenye swali alale nalo.