Vigelegele Havisafishi Panga

Vigelegele havisafishi panga. Mlipokuja asubuhi kuniomba panga la kukatia migomba ya mahafali, mke wangu, Ma Adventina, aliwatupia maneno hayo kutoka jikoni, nanyi mkacheka, mkasema wazee wa Kyabirere wana methali hata ya kufungia mbuzi. Haya, kaeni. Panga nitawapa, ila kwanza mtanisikiliza. Methali hii ilianza hivi, na mkono ulioianzisha ni huu wangu wa kulia.

Chuo chetu cha kilimo kilikuwa kidogo kuliko mnavyokiona leo. Kilikuwa na madarasa mawili, banda la ng'ombe na shamba darasa la migomba. Mwaka ule walihitimu vijana tisa, na mmoja wao alikuwa Projestus, mtoto wa kaka yangu. Hapo kabla hakuna mtoto wa kijiji hiki aliyewahi kumaliza pale. Chuo kilikuwa kwetu, lakini waliosoma walikuwa watoto wa wengine. Kwa hiyo mnaweza kufikiria tulivyovimba vichwa.

Desturi mnaijua. Siku ya furaha kubwa, njia hupambwa kwa migomba michanga, na kila nyumba hutoa mmoja. Nyumba ikirukwa, imetukanwa. Zamani zile migomba yote ilikatwa kwa panga moja, panga la nyumba yenye furaha, na halikuoshwa mpaka mgomba wa mwisho ukatwe. Tulisema ukiliosha njiani umemwaga baraka. Baba mdogo ndiye hulishika, na baba mdogo nilikuwa mimi.

Tulianza nyumbani kwa Kaijage, kule bondeni. Projestus alitutangulia na joho lake, kofia ameishika mkononi kwa kuogopa upepo. Nyuma yetu wanawake walipiga vigelegele. Mgomba wa Kaijage ulikuwa na majani ya njano, nikadhani ni jua. Nilipoukata, ukatoa uteute wa njano, mzito, kama usaha. Nikalipangusa panga kwenye nyasi, tukaendelea. Projestus aliuangalia ule uteute kwa muda, kisha akatazama pembeni. Nilimwona, nikafikiri amechoka.

Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa ya Ma Prudenciana. Alikuwa mjane, watoto hana, na kibanja chake, yaani shamba lake la migomba la nyumbani, hakikuzidi mashina thelathini. Mumewe alizikwa humohumo, katikati ya migomba. Alikula humo, aliuza humo kidogo akanunua chumvi na sabuni, na jioni aliketi humo akizungumza na marehemu. Hakuwa na shamba lingine popote duniani.

Tulimkuta amesimama mlangoni mwa kibanja, panga lake mwenyewe mkononi.

"Karibuni, waitu," alisema. "Mgomba nitatoa. Lakini nitaukata mwenyewe."

"Ma, panga la baraka ni moja," nikamwambia. "Leo unataka kututenga?"

"Siwatengi, Anaklet. Redio imesema kuna ugonjwa wa migomba ng'ambo ya mto, na unatembea na mapanga. Basi kama ni lazima liwe hilo lako, moto wangu unawaka. Lipitishe kwanza."

Wanawake wakaguna. Mmoja akasema uchoyo wa mjane huyu sasa umepata redio ya kuusemea. Watu wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote.

Ma Prudenciana hakubishana nasi. Alimgeukia Projestus.

"Mwanangu, hawa hawajasoma, na mimi sijasoma. Wewe ndiye tunayekushangilia. Nikuulize wewe: panga hili liingie hivi hivi?"

Projestus alilitazama panga. Akamtazama baba yake, aliyekuwa amekunja uso. Akanitazama mimi.

"Si kitu, Ma," akasema. "Ni siku ya furaha."

Vigelegele vikapasua anga. Ma Prudenciana akaweka panga lake chini, akasogea kando. Mimi nikaingia, nikakata.

Tulizunguka nyumba arobaini na moja. Nyumba moja tu tuliiacha, ya Byabato, kwa sababu walikuwa na msiba na hapakatwi mgomba wa furaha penye matanga. Mahafali yalifana. Mkuu wa chuo alisema njaa sasa itahama kijiji chetu. Tulipiga makofi, tukala matoke, tukanywa rubisi mpaka wengine wakasahau njia za kwao.

Hata miezi miwili haikutimia. Majani yakaanza kunyauka, kutoka kwa Kaijage mpaka kwa Ma Prudenciana. Ndizi zikaiva kabla hazijakomaa, ukizikata ndani ni kahawia na zinanuka. Kisha kwa jirani yake, kisha kwa jirani wa jirani. Ugonjwa ulipita mlango kwa mlango kwa njia ileile niliyopita mimi, na katikati ya ukahawia ule kibanja cha Byabato kilisimama kijani. Hapo hata asiyesoma alielewa.

Serikali ikatuletea bwana shamba wa kusimamia kung'oa migomba yote iliyougua na kuifukia. Bwana shamba huyo alikuwa Projestus. Ndiyo kazi yake ya kwanza aliyoipata kwa cheti chake.

Siku ya kung'oa kwa Ma Prudenciana nilikuwapo, nimeshika jembe. Yeye alikuwa ameketi karibu na kaburi la mumewe.

"Projestus," aliita. "Siku ile ulijua?"

Nilitamani aseme hapana. Kweli nilitamani, maana angesema hapana na mimi ningepona.

"Nilijua, Ma. Tangu kwa Kaijage. Walitufundisha mwaka wa kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Walikuwa wanapiga vigelegele."

Mama yule alimtazama bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyotuumiza.

"Vigelegele havisafishi panga, mwanangu," akasema. Akainuka, akatupisha tuchimbe.

Ardhi ilitakiwa kupumzika mwaka mzima na zaidi bila mgomba. Tulimpelekea mihogo, akaigawa kwa watoto wa jirani. Sisemi alikufa kwa njaa. Nasema aliacha kula, na kabla mwaka haujaisha tukamzika kando ya mumewe, juani, pasipo kivuli hata cha jani moja. Majani ya kutandika kaburini tulikwenda kuyaomba kwa Byabato, na aliyetumwa kuyaomba nilikuwa mimi.

Projestus bado ni bwana shamba. Mmemwona kila mwaka siku ya mahafali, haketi jukwaani na wenzake. Hukaa njiani na jiko la mkaa, mkimpita mnamwita mzee wa mishikaki. Sasa mjue anachongoja pale.

Panga hili hapa. Kila mtokapo nyumba moja, lipitisheni motoni kabla ya kuingia nyingine. Mtazomewa kwamba mnachelewesha sherehe. Aliye na joho na akaulizwa, aseme alichofundishwa, hata kama baba yake amekunja uso, hata kama baba yake mdogo anacheka.

Anzieni kwangu. Moto nimeshawasha. Vigelegele havisafishi panga.